Uso Umefunikwa: Wawili wa Buru na Historia ya Kutisha Eastlands

Weka ngoma ya Buruklyn Boyz kwa sebule siku mathe ako karibu, uone kama dakika moja itaisha kabla hujaulizwa: hawa ni kina nani, na mbona wamejifunika nyuso? Haulizi juu ya biti. Haulizi hata maneno, kwa sababu sheng ya hao machali hata sisi wa mtaa wa pili tunairudisha nyuma mara mbili ndio ishike. Anauliza boshori.

Jibu la haraka la wasee wa umri wetu huwa ni "ni luku tu, mathe". Mimi nimekataa hilo jibu. Mathe ako sawa kuogopa. Mtu aliyefunika uso ana historia ndefu sana Eastlands, ndefu kuliko drili, ndefu kuliko hip hop yenyewe, na si historia ya muziki. Ni vile tu anaangalia upande usiofaa.

Kwa wale walilala: Buruklyn Boyz ni wawili, Ajay na Mr Right, kutoka Buruburu. Jina wamelishona, Buru na Brooklyn. Miaka ya korona waliachilia ngoma kama Nairobi, Location 58 na Dream Ya Kutoka Kwa Block. Hiyo 58 kama hauishi huku ni namba ya matatu ya Buru, ile unapanda tao ukienda nyumbani. Mwaka 2022 wakatoa albamu, East Mpaka London. Walipanda kupitia YouTube, masimu ya kupeana bluetooth na spika za nganya, na wakati watangazaji wa redio waliamka, watoto wa shule za msingi walikuwa tayari wanajua vesi zote. Wakubwa wakasema mambo mawili: kwanza, hawa wanatisha na wanafundisha watoto ujambazi, pili, hata huo ujambazi wenyewe wameiga London.

Hayo mashtaka mawili yanagongana, ukifikiria. Kama ni mchezo wa kuiga, unaogopa nini?

Tutoke nje kidogo. Kuna aina ya rap Marekani inaitwa horakoo, rap ya kutisha makusudi: visu, makaburi, damu, wazimu. Esham wa Detroit alianza mapema, mwisho wa miaka ya 1980, akiwa bado kijana wa shule. Mwaka 1994 kukaja Gravediggaz, kikundi ambacho RZA wa Wu-Tang alikuwa ndani, jina lenyewe ni wachimba makaburi. Mwaka 1995 Three 6 Mafia wa Memphis wakatoa Mystic Stylez, albamu yenye sauti kama imerekodiwa ndani ya basementi imejaa maji. Wengi wao waliokota vitisho kwa filamu. Rapa anavaa kama maiti, video inapigwa makaburini, wazazi wanapiga kelele, CD inauzwa.

Lakini ngoma moja ya hiyo familia ndio imekaa kuliko zote, na hata haina jeneza. Ni Mind Playing Tricks on Me ya Geto Boys wa Houston, 1991. Pale gangsta hatishi mtu. Yeye ndiye anaogopa. Halali, anaangalia nyuma, anaona watu wasiokuwepo. Shikeni hiyo, kwa sababu ndio kipimo changu cha hii posti yote: ukisikia ngoma ya kutisha, usiulize inatisha aje. Uliza ndani ya hiyo ngoma ni nani anaogopa.

Sasa turudi kwetu. Nairobi hakuna rapa alihitaji kukodi jeneza.

Aprili 1954, serikali ya mkoloni ilizunguka jiji hili lote kwa ile operesheni waliita Anvil. Mitaa ya Waafrika, kina Pumwani na Bahati, yaani Eastlands ya wakati huo, ikafungwa na askari nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje wakapangwa laini. Halafu akaletwa mtu amevalishwa gunia kichwani, mashimo mawili ya macho tu. Unapita mbele yake. Akitingisha kichwa hivi, unaenda nyumbani. Akitingisha vile, unapandishwa lori, unapelekwa kambi kama Manyani, na hakuna kesi. Waliopelekwa kizuizini walizidi 20,000. Hao wenye magunia Wakikuyu waliwaita gakunia, kigunia kidogo. Anaweza kuwa jirani yako. Anaweza kuwa mtu unamdai. Hutajua, kwa sababu uso umefunikwa na serikali ndiyo imeufunika.

Hiyo ndiyo boshori ya kwanza ya Eastlands. Iko na zaidi ya miaka 70 na haikuwa ya rapa.

Nikiwa bado kampasi (niliacha mwaka wa pili, hiyo ni story ya siku nyingine) tulisomeshwa Anvil kwa aya moja, kati ya tarehe zingine kumi za kukariri. Gunia halikutajwa. Nililipata baadaye nikisoma kivyangu, na nikashangaa vile mtu anaweza kufundisha hiyo historia kwa darasa limejaa watoto wa Eastlands bila kutaja kitu kimoja ambacho hakuna mtu angesahau.

Ruka sasa hadi Dandora. Mtaa huo ulianzishwa miaka ya 1970 kwa pesa za Benki ya Dunia: ploti 6,000 hivi, unapewa maji, choo na msingi, zingine ujijengee. Ilikuwa ndoto safi kwa karatasi. Kisha taka za jiji lote zikaanza kumwagwa pale kando. Jalala lilitangazwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia mpaka leo. Huko ndiko Kalamashaka walitoka, Kama, Johny na Roba, na mwisho wa miaka ya 1990 Tafsiri Hii ikawafanya Wakenya wengi waamini kwamba rap ngumu inaweza kuwa ya Kiswahili. Hao walikuwa watatu, sio wawili, lakini bila wao hii story haianzi.

Wasee waliokuwa wakikutana Dandora kuwazunguka wakajiita Mau Mau Camp. Baadaye wakaungana na Ukoo Flani wa Mombasa, ikawa Ukoo Flani Mau Mau, na mwaka 2004 wengi wao wakawa ndani ya albamu Kilio cha Haki. Tulia na hilo jina kidogo. Sheria ya mkoloni iliyoharamisha Mau Mau haikuondolewa Kenya ilipopata uhuru. Jomo aliiacha. Moi aliiacha. Iliondolewa Agosti 2003, Kibaki akiwa ndani. Kwa hivyo vijana wa Dandora walipoanza kujiita Mau Mau, walikuwa wanajipa jina la kundi haramu, kisheria kabisa. Leo Kimathi ako na sanamu katikati ya tao, tangu 2007, na watu wanapiga selfi hapo. Machali wa jalala walifika kabla ya serikali.

Na wawili wawili wakaanza kuonekana. Kutoka Kariobangi South walikuja K-South, Bamboo na Abbas, ndio maana ya jina. Mwanzo wa miaka ya 2000 waliita albamu yao Nairobbery, lile jina ambalo watu walikuwa wamelipa jiji kwa uchungu, Nairobi ya wizi. Hawakujifanya majambazi wa filamu. Walikuwa wanacheka na kukutisha kwa wakati mmoja, kama makanga anayekuambia chunga simu huku akiangalia simu yako.

Halafu Mashifta: Kitu Sewer na G-Wiji. Kwangu mimi hawa ndio wawili wagumu zaidi wa historia yote hii, na inaniuma vile watu wa umri wangu wanajua tu Pesa Pombe Siasa na Wanawake, kama wanaijua. Jina lao lina damu. Kuanzia 1963 hadi 1967 serikali mpya ya Kenya ilipigana na Wasomali wa kaskazini mashariki waliotaka kujiunga na Somalia, na badala ya kuwaita waasi au wapinzani ikawaita shifta, majambazi. Neno moja likamaliza siasa yote. Ukishaitwa shifta, hauna madai, unahitaji risasi tu. Vijiji vikafungwa, ngamia wakauawa kwa maelfu, na mtu wa Garissa akabaki mtuhumiwa kwa miongo. Na sasa vijana wawili wa Nairobi, wala si wa kaskazini, wanachukua lile neno wanalivaa kifuani.

Unaona mchezo? Mau Mau, Shifta. Haya si majina ya mapepo. Ni majina ambayo serikali ilitumia kutisha watu juu ya watu wengine. Kizazi hicho kiliyachukua kikasema, sawa, sisi ndio hao. Uso ukiwa wazi. Kwenye video zao za zamani unaona kila sura. Uliza kipimo changu sasa: ndani ya ngoma zao ni nani anaogopa? Mara nyingi ni yule kijana mwenyewe, anarudi nyumbani usiku, hana kitambulisho, anajua karao wako kona. Ni Geto Boys kabisa, ila macho hayamdanganyi. Karao wako kona kweli.

Hapa kati lazima tuongee juu ya kitu kingine, na najua wengine wenu hamtataka.

Mwaka 2008 tume ya haki za binadamu ya kitaifa, KNCHR, ilitoa ripoti juu ya vijana walioshukiwa kuwa Mungiki waliouawa ama kupotezwa, karibu 500. Machi 2009, wanaharakati wawili waliokuwa wakifuatilia mauaji hayo, Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu, walipigwa risasi ndani ya gari yao karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2017 kituo cha haki cha Mathare kikatoa ripoti yake, jina lake ni swali: nani anafuata? Hiyo yote ni ya kusoma. Lakini kizazi chetu hakikusoma, kiliona kwa simu.

Mnakumbuka Hessy. Kurasa za Facebook, Hessy wa Kayole, Hessy wa Dandora, Hessy wa kila mahali, hakuna uso, ni jina tu ambalo kila mtu aliamini ni la sanse. Kwanza inapostiwa picha ya kijana akiwa mzima, ameokotwa kwa ukurasa wake mwenyewe, amevaa vizuri, na chini yake onyo: acha ama tukutane. Baada ya siku kadhaa inapostiwa picha nyingine ya huyo kijana, chini, kwa lami. Na chini ya hiyo picha watu wanasema asante, kazi safi. Tulikuwa primari. Picha zilizunguka kwa simu za makaka zetu na sisi tukazichungulia. Kuna chali wa ploti ya pili nilimjua kwa kumwona tu akipita na mpira, nikamwona tena kwa hiyo ukurasa.

Sasa uniambie hiyo ni nini kama si horakoo. Kuna onyo, kuna mwindaji asiye na uso, kuna mwili, kuna wanaoshangilia. Esham akiwa Detroit alitunga. Sisi tulipewa bure, na aliyetunga alikuwa na bunduki ya serikali, ama alitaka tuamini hivyo, na kwa mtoto wa miaka 13 hiyo tofauti haipo.

Kwa hivyo kila mara nikisikia mtu wa paneli kwa TV akisema rapa wanaingizia watoto picha za vifo kichwani, najua huyo hakukuwa na Facebook ya Eastlands.

Lakini sitaki kuwapa rapa wote msamaha wa jumla, maana kipimo ni kipimo. 2018 Ethic wa Umoja waliachilia Lamba Lolo na gengetone ikalipuka. Ilikuwa poa sana, hata leo ikilia nasimama. Ila 2019 ilikuja na Takataka ya Alvindo, na Tarimbo ya Ethic mwezi wa kumi na moja. Bodi ya filamu, KFCB, chini ya Ezekiel Mutua, ilizikalia zote mbili, na Tarimbo ikaishia kuondolewa YouTube. Wengi wetu tuliona ni Mutua tu na kelele zake, maana jamaa alikuwa amepigana na kila kitu kinachopumua. Mimi nasema rudi usikize ukiwa na kipimo. Ndani ya Tarimbo anayeogopa ni dem. Yule chali haogopi chochote. Ile hofu yote ambayo Kalamashaka waliiweka kwa mgongo wa kijana, hofu ya kurudi nyumbani usiku, hapo imehamishwa ikawekwa kwa msichana, na ikafanywa ya kuchekesha. Dada zetu ndio hurudi nyumbani usiku wakihesabu hatua tangu zamani. Hiyo si rap ngumu. Ni Hessy mdogo.

Na bado sikubali kwamba bodi ndio ingeamua. Sheria wanayotumia ni ya kudhibiti filamu na michezo ya kuigiza, imetoka kwa mkoloni akifungasha mizigo. Mkono ulioachiwa hiyo sheria ni mkono ule ule ulioharamisha jina Mau Mau mpaka 2003. Ngoma mbaya inafaa kushindwa na sisi tukiikataa.

Ndio tufike 2020, na Buru.

Lazima ujue Buru ni nini ndio uelewe mbona hawa wawili walishtua. Buruburu haikujengwa kuwa mtaa wa kutisha. Ilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, nyumba za kununua kwa mkopo, paa za vigae vyekundu, zimepangwa kwa makoti, kila moja na kijiani chake mbele. Walimu, makarani, watu wa benki, watu wa serikali. Ukiwa Dandora ama Korogocho, mtoto wa Buru alikuwa babi. Halafu miaka ya 1990 ikaja na shida zake, kazi zikapotea, pesheni zikachelewa, na wenye nyumba wakaanza kujenga ekstensheni. Kile kijiani kikawa duka, juu ya duka bedsita, juu ya bedsita nyingine. Tembea Buru leo, paa jekundu limefichwa nyuma ya ghorofa ya mawe. Mzee aliyenunua nyumba na mshahara wa ukarani anaishi chini, na mjukuu wake ambaye hana kazi analala juu kwa chumba kimoja.

Kwa hivyo jina Dream Ya Kutoka Kwa Block si la mtoto wa jalala. Ni la mtoto ambaye babu yake aliambiwa hapa ndipo mwisho wa safari, tumefika. Kutoka Buru kwenda wapi tena? Hiyo ndio iliwachoma wazazi. Kalamashaka wakitisha, mtu wa Buru angesema ni hao wa Dandora. Sasa ni Koti namba fulani, mtoto wa mama fulani wa kanisa.

Na angalia mwezi. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020. Siku tatu baadaye, Kiamaiko, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi akiwa amesimama kwa balkoni ya kwao, usiku, akiangalia chini barabarani. Hakuwa nje. Alikuwa nyumbani. Mwaka huo shule zilifungwa, base zilifungwa, ukitoka saa za kafyu unakimbizwa na marungu. Serikali ikaamuru kila mtu afunike pua na mdomo, kisha ikashangaa vijana wamefunika nyuso. Ndani ya hiyo hewa ndio drili ilishika Nairobi.

Drili (sio ya fundi) ilianzia Chicago mwanzo wa miaka ya 2010, Chief Keef akiwa kijana wa miaka 16. Ikavuka maji, London Kusini wakaibadilisha, besi ikaanza kuteleza, boshori ikawa sare. Huko polisi waliichukia mpaka 2018 YouTube ikaondoa video zaidi ya 30 kwa ombi lao. Kisha Brooklyn wakachukua biti za maprodyusa wa London, Pop Smoke akapanda nazo, akauawa Februari 2020. Mwaka huo huo Kumasi kule Ghana wakaja na yao. Kwa hivyo ukisema wawili wa Buru wameiga, sawa, lakini sema pia kwamba Brooklyn iliiga London na London iliiga Chicago. Hakuna aliye na hatimiliki ya besi inayoteleza.

Chenye hawakuiga ni adui. Drili ya London mara nyingi ni mtaa mmoja dhidi ya mtaa mwingine, na watu wamekufa kweli. Nikisikiza ya kwetu, yule anayekuja mbio nyuma ya ngoma ni karao. Si Umoja dhidi ya Buru. Wakadinali wa Umoja, ambao albamu yao Victims of Madness ilitoka 2020 hiyo hiyo, nao wako hapo hapo. Hiyo boshori ya Nairobi kwa hivyo ina kazi nyingine: inamficha kijana asiwe picha ya kwanza ya Hessy. Kizazi cha Kalamashaka kilikuwa na sababu ya kuonyesha uso, hakuna aliyekuwa anaokota sura yako kwa intaneti. Sisi tumekua tukijua picha yako nzuri zaidi, ile ya krismasi na viatu vipya, inaweza kutumika siku ya kukutangaza.

Je, wawili wa Buru wanapita kipimo changu? Nusu. Kuna ngoma zao unasikia kabisa mtu anayetazama mlango. Hapo ndipo ninawaweka laini moja na Mashifta, hata kama mashabiki wa Mashifta watanitusi. Lakini ziko nyingi zingine ambapo hakuna anayeogopa chochote, ni moshi, viatu, madem waliopangwa kwa video kama vyombo kwa kabati, na tishio la jumla lisilo na anwani. Hizo zinabamba klabu na zinaisha klabu. Mashifta wangechukua hilo wazo la 58 peke yake, gari moja kati ya tao na nyumbani, na nani anashukishwa wapi na nani, watoe albamu nzima. Kipaji Ajay na Mr Right wako nacho. Sheng yao ni ya kizazi, inatengenezwa ikitumika, na mtiririko wao wa kupokezana, mmoja anamalizia pumzi ya mwingine, sijaisikia tangu K-South.

Halafu 2024 ikafika na kila kitu nilichokuwa nakifikiria juu ya boshori kikageuka.

Juni hiyo tuliingia tao. Mnajua. Wakadinali, hao hao ambao wazazi hawakutaka wasikike kwa gari, ngoma yao Kuna Siku Youths Wataungana ikawa inaimbwa na watu wenye viatu safi wa Kilimani. Na baada ya barabara kutulia, zikaanza zile gari. Hazina namba, ama zina namba za uongo. Wanaume wanashuka, nyuso zimefunikwa, wanachukua mtu mchana, wanaenda. Kufikia mwisho wa Desemba KNCHR ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji tangu Juni, na watu 29 walikuwa bado hawajulikani waliko. Wengine walichukuliwa kwa sababu ya katuni. Rais alikuwa amevunja kile kitengo cha polisi cha SSU Oktoba 2022, tukaambiwa mauaji na kupoteza watu vimeisha.

Kwa hivyo gunia la 1954 lilirudi, limeshonwa vizuri zaidi. Na mathe wangu, ambaye 2021 alinizimia spika kwa sababu ya boshori ya Buruklyn Boyz, Desemba hiyo alikuwa ananipigia simu kila saa kumi na mbili kuuliza nimefika. Hajawahi kusema wale machali walikuwa poa. Alianza tu kuniuliza, nikiangalia video, "hao ni wa muziki ama ni wale?"

Hilo swali sijaona rapa yeyote wa drili akilijibu vizuri bado. Ukivaa boshori kwa video leo, unafanana na anayewindwa na pia unafanana na mwindaji, na kamera haiwezi kutofautisha. London hawana hiyo shida. Chicago hawana. Ni ya kwetu, na ni ngoma nzima imekaa hapo inangoja mtu.

Ajay, Mr Right, kama hii itawafikia: kijana mmoja yuko ndani ya 58, saa mbili usiku, kiti cha dirisha. Gari ndogo nyeupe imefuata matatu tangu Muthurwa. Anajua ama hajui? Dere ameiona. Makanga ameiona na ananyamaza. Mmoja wenu achukue vesi ya kijana, mwingine achukue ya makanga. Na nyuso ziwe wazi.